Flajela kupotea usiku si dalili ya kufa

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini Chlamydomonas zako (mwani wa seli moja) hupoteza flajela, yaani vijimkia vya kuogelea, giza likiingia, na kama vimeng'enya viitwavyo kinasi vinahusika. Tafadhali usizimwage, zinajiandaa kugawanyika. Seli hii hukua mchana, kisha usiku hugawanyika mfululizo na kutoa watoto 2, 4, 8 au hata 16. Kabla ya hapo huvuta flajela ndani, maana vishina vyake vinahitajika karibu na ncha za nyuzi zinazotenganisha kromosomu.

Kinasi hubandika fosfeti kwenye protini nyingine na kubadili utendaji wake. Kinasi iitwayo CDKG1 huoanisha ukubwa wa seli mama na idadi ya migawanyiko. Inayonivutia zaidi ni CNK2, ya ukoo wa kinasi uitwao NIMA: ikizidi, flajela hufupika, ikipungua, hurefuka, na ukubwa wa seli nao hubadilika. Yaani kimeng'enya kimoja kinagusa mambo yote mawili uliyouliza!

Ila kwa mradi wako wa shahada ya kwanza ningeanza na LF4, kinasi nyingine inayodhibiti urefu wa flajela, maana tofauti yake inaonekana wazi kwenye hadubini. Jeni yake ikiharibika, flajela zinaweza kukaribia mara mbili ya mikroni 12 za kawaida. Linganisha seli hizo na za kawaida: dondosha asidi ya asetiki hadi pH 4.5 flajela zikatike, rudisha pH 7 ndani ya dakika moja, kisha kila dakika 15 chukua tone, tia ayodini ya Lugol ili seli zisiogelee, upime. Huota upya kwa saa mbili hivi. Fanya asubuhi, maana ukifanya jioni utapima seli zinazokaribia kugawanyika, na vipimo vitakuchanganya.