Cub ya robo iliyolala bandani: usianze na ngozi

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Umenunua kwa mtu Piper Cub ya rimoti, kipimo cha robo (yaani robo ya ukubwa wa ndege halisi), injini ya petroli ya cc 50, imelala bandani zaidi ya miaka minane. Ngozi imepauka na kupasukapasuka, lakini injini "inazunguka kwa mkono bila shida". Unauliza uivalishe plastiki gani ili iruke mwisho wa mwezi. Ngozi ndiyo kazi ya mwisho kabisa, na wewe umeanzia hapo. Na mimi nilianzia hapohapo, ndiyo maana leo naandika kirefu.

Ndege yangu ya kwanza ya mtumba ilikuwa ndogo kuliko hiyo yako. Niliivua ngozi, nikaivalisha mpya nyekundu na nyeupe, kila aliyeiona akaisifia. Mbao niliziangalia juujuu, nyaya sikuzigusa kabisa. Siku ya kwanza iliruka vizuri. Siku ya pili, ikiwa inakata kona ya kushoto, ikaacha kuitikia chochote, ikashuka na pua hadi chini huku nimeshika rimoti kama mwehu. Nilipookota mabaki nikauchuna waya mweusi wa betri: nje plastiki safi inang'aa, ndani shaba imekuwa nyeusi kama masizi, inakatika kwa kucha. Ni ugonjwa wa betri za zamani za nikeli-kadimiamu zikikaa muda mrefu. Kutu inaanzia kwenye betri, inatambaa ndani ya waya wa hasi, inafika mpaka kwenye swichi. Hata ukitaka kuulehemu waya wa namna hiyo, risasi haishiki. Kwa hiyo kwenye yako betri, swichi na nyaya zote ndefu ziende jalalani. Usizipime, usizionee huruma.

Halafu kumbuka ukubwa wake. Cub halisi ina mita 10.7 toka ncha ya bawa moja hadi nyingine, kwa hiyo robo yake ni karibu mita 2.7, na ikiwa na injini hiyo inaweza kufika kilo 8 au 9. Kitu cha uzito huo kikikujia na propela inazunguka si mwanasesere. Ukifanya kosa dogo kwenye ndege ndogo ya povu gumu utacheka. Kwenye hii huchekelei.

Basi anza kwa kuibomoa. Toa injini, tangi, sevo (vile vimota vinavyosukuma vibao vya mabawa na mkia), magurudumu, kila kitu, ubaki na mbao tupu. Ngozi ivue yote hata pale inapoonekana nzima. Pasha kwa pasi kidogo, kisha ivute taratibu ukiilaza nyuma karibu kugusa mbao. Ukiinyanyua juu itaondoka na nyuzi za balsa, ile mbao laini na nyepesi. Vipande vikubwa usivitupe, vitakusaidia kama ruwaza ya kukatia vipya.

Sababu ya kung'ang'ania uvue yote ni hii. Cub niliyonayo sasa niliinunua nayo ikiwa imetumika. Chini ya bawa la kulia, sehemu ya karibu futi moja, njano yake ilikuwa imekolea kuliko kwingine. Kidogo sana, nilikuja kuiona jioni jua likiwa upande. Nilipoifungua nikakuta mhimili wa bawa, ule mti mrefu unaolibeba, ulishavunjika zamani, mtu akaziunganisha ncha mbili uso kwa uso, akamimina supagluu na kubandika kijiti cha balsa pembeni. Muuzaji aliniambia haijawahi kuanguka, na inawezekana hakudanganya, labda na yeye aliuziwa hivyohivyo. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hicho chako kimeundwa na mtu usiyemjua, na pengine kikaundwa tena na mwingine.

Mhimili uliovunjika hauungwi uso kwa uso. Unakata ncha zote mbili kwa mshazari mrefu, mkato uwe mara kumi ya unene wa mbao au karibu na hapo, unazilaza moja juu ya nyingine kwa gundi ya epoksi inayokauka polepole, kisha pande zote mbili unaongeza vipande vya plaiwudi nyembamba vilivyochongoka mwishoni. Kuchongoka huko ni muhimu. Kiraka kikiishia ghafla, bawa litavunjika tena palepale kinapoishia. Na kati ya mhimili wa juu na wa chini kuna vile vibao vya balsa vinavyoziba nafasi baina ya mbavu. Hakikisha vipo, vimeshika, na nyuzi za mbao zimesimama wima. Watu huviona pambo. Bila hivyo mihimili miwili inafanya kazi kama vijiti viwili tu visivyojuana.

Kagua gundi kwa mikono. Shika kila ubavu uusukumesukume pole, sikiliza. Gundi iliyochoka inalia, tena utaisikia kabla hujaiona. Washa taa ndani ya kiwiliwili usiku, angalia kila kiungo kutokea nje. Panya hupenda sana ndege za bandani, na mkojo wao unalainisha mbao na kuozesha vyuma, kwa hiyo ukikuta doa na harufu, chokonoa.

Sehemu itakayokupa kazi kubwa kuliko zote ni ukuta wa injini, yaani ule ubao wa plaiwudi uliobeba injini. Huko oili imekuwa ikinyonywa miaka yote. Mbao iliyolowa oili inakuwa nyeusi-kahawia, epoksi haishiki juu yake, na mtetemo wa silinda moja ya cc 50 si wa kubembeleza. Chukua bisibisi ndogo, bonyeza pembeni mwa matundu ya bolti. Ikiwa ngumu kama meza, una bahati: safisha kwa spiriti, paka unga wa talki, pasha kwa hewa moto, oili ipande juu inywewe na unga, kung'uta, rudia. Mimi nilirudia kama mara sita kwa siku tatu. Bisibisi ikizama, usijidanganye na unga, kata ubao wote uweke mpya, na kwenye kona za ndani uongeze vijiti vya pembe tatu. Ukimaliza, paka epoksi nyembamba mbao zote za chumba cha injini na tangi ili zisinywe tena.

Injini yenyewe kuzunguka kwa mkono haina maana kubwa. Kinachokufa kwenye injini iliyolala ni kabureta. Ndani mna diaframu, kigozi chembamba kinachovuta mafuta kwa kupumuapumua, na petroli ya zamani ikikauka humo kinakakamaa kama ganda la kitunguu. Injini itawaka, itanguruma chini vizuri, halafu ukifungua kasi inakohoa na kuzima, na kwenye ndege hiyo itatokea wakati wa kupaa. Nunua seti ya diaframu na gasketi za kabureta hiyo, badilisha zote, ni kazi ya saa moja. Mipira ya mafuta badilisha yote pia, hasa ule wa ndani ya tangi wenye kizito mwishoni. Ukishakakamaa kizito hakifuati tena mafuta, na ndege ikiinamisha pua injini inanyonya hewa. Oili changanya na petroli kwa kiwango alichoandika mtengenezaji wa injini, si alichokuambia jirani. Plagi weka mpya, na kofia yake ikae imebana hadi mwisho, kwa sababu ikilegea inatapakaza kelele za umeme zinazosumbua risiva, yaani kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti.

Risiva kama ni ile ya zamani ya megahezi 35 au 72 yenye kristali, weka kabatini kwa kumbukumbu. Funga mpya ya gigahezi 2.4. Tumia betri mbili, kila moja na swichi yake, na betri ya tatu peke yake kwa ajili ya moto wa plagi. Mtego uko hapa: sevo za enzi hizo zilitengenezewa volti 4.8 hadi 6. Ukiweka lithiamu-polima ya seli mbili, ikijaa inafika volti 8.4, na sevo zitaungua mezani ukiwa na bahati, hewani usipokuwa nayo. Mimi sikutumia sevo hata moja ya zamani. Nilizozifungua meno yake ya plastiki yalikuwa yamelika, na sevo ikicheza, eleroni (kile kibao cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege upande) inacheza. Eleroni inayocheza kwenye bawa refu ikifika kasi fulani huanza kupepesuka yenyewe, na mpepesuko huo unaweza kuling'oa bawa ndani ya sekunde chache. Shika sevo isitikisike, tikisa eleroni kwa kidole. Ukiona inacheza hata milimita mbili, tafuta inatoka wapi kabla ya kuendelea.

Bawaba nazo usiziamini kwa macho. Zivute. Vuta kweli, kama mtu aliyekasirika. Kwenye Cub yangu eleveta ya kushoto (kibao cha mkia kinachopandisha na kushusha pua) ilitoka mzima mzima na bawaba zake tatu, safi, bila hata chembe ya mbao juu yake. Gundi haikuwahi kushika toka siku ya kwanza, na ndege hiyo ilikuwa ikirushwa! Niliweka za pini, nikazipaka vaselini kidogo kwenye kiungo epoksi isiingie, na kila moja nikaipitishia njiti ya mbao katikati ili isichomoke hata gundi ikigoma. Kwenye nguzo za mabawa pia toa vishikio vya plastiki uweke vya chuma. Kwenye Cub nyingi za ukubwa huu nguzo zile zinabeba mzigo kweli, si urembo.

Ukishafika hapo ndipo tuzungumze ngozi. Plastiki au kitambaa cha pasi, vyote vinafaa. Mimi napenda kitambaa kwa Cub kwa sababu ya sura yake, ingawa ni kizito kidogo. Angalia tu mkia usije ukawa mzito. Mkia uko mbali na sehemu ya mizani (pale ndege inaposimama sawa ukiinyanyua) kuliko pua, kwa hiyo gramu 10 za rangi huko nyuma zinaweza kukudai gramu 20 au 30 za risasi mbele. Na unapokaza kwa joto, bawa lilaze kwenye meza iliyonyooka, pasha juu na chini kwa zamu, ukichungulia kutoka nyuma mara kwa mara. Bawa lililopinda kwa ngozi halinyooki kwa maneno. Lakini kama ncha zote mbili zimeinuka kidogo upande wa nyuma, na zinalingana, usizinyooshe, mjenzi alikusudia.

Mizani ipime tangi likiwa tupu. Bawa la Cub ya robo lina upana wa karibu sentimita 40 toka mbele hadi nyuma, na mimi ya kwangu niliirusha mara ya kwanza ikisimama sentimita 10 kutoka ukingo wa mbele. Bora pua nzito kidogo kuliko mkia. Kisha pima masafa, rimoti ikiwa kwenye nguvu ndogo, hatua 30, kwanza injini imezimwa, halafu inanguruma huku mtu mzima ameushika mkia. Asisimame pembeni usawa wa propela, na mtu wa kuizima injini asipitishe mkono juu ya propela. Weka swichi ya kukata moto kwenye rimoti.

Ikishapaa, kona zikate kwa usukani wa mkia pamoja na eleroni. Cub ukiipa eleroni peke yake pua inakwenda upande mwingine kwanza, na aliyezoea ndege za povu anashtuka, anaongeza, mambo yanaharibika ndege ikiwa chini chini.

Mwisho wa mwezi sahau. Yangu ilinichukua miezi minne ya jioni na wikendi. Vua ngozi wiki hii, kisha tupia hapa picha za mhimili pale bawa linapokutana na kiwiliwili, na za ukuta wa injini kwa ndani, tuone ulichonunua.