Kubadili ukubwa wa dirisha bila kipanya

SWALI: Mhariri, kompyuta mpakato yangu inatumia Windows. Kibao chake cha mguso kimekufa na kipanya sina. Dirisha la jedwali la hesabu limejaa skrini nzima, nami nataka kuliona sambamba na barua ninayoiandika. Nifanyeje kwa kibodi peke yake? (Karani, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, njia fupi ni kushikilia kitufe chenye nembo ya Windows na kubonyeza mshale wa kushoto. Jedwali litabana nusu ya kushoto ya skrini, na katika Windows 10 na 11 utaonyeshwa madirisha mengine yaliyo wazi, ili uchague la barua kwa mishale na kuthibitisha kwa Enter. Mbinu hii ya kubana dirisha upande mmoja ilianza na Windows 7, mwaka 2009.

Hata hivyo, jedwali lenye safu nyingi huhitaji upana zaidi kuliko barua, na kwa sababu hiyo nakusihi ujifunze pia njia ya zamani zaidi, inayokuachia kipimo mkononi mwako. Shikilia Alt, ubonyeze kitufe kirefu cha nafasi. Menyu ndogo itafunguka kwenye kona ya juu ya dirisha. Bonyeza S, yaani agizo la Size (ukubwa). Ikiwa dirisha bado limejaa skrini nzima, agizo hilo huwa limefifia, hivyo tangulia na R, yaani Restore (rejesha), ili dirisha lirudi katika ukubwa wa kawaida, kisha ufungue menyu upya. Herufi hizi ni za menyu ya Kiingereza. Ikiwa kompyuta yako imewekwa katika lugha nyingine, shuka kwa mishale hadi kwenye agizo lenyewe.

Hapa ndipo wengi hukwama wakidhani kibodi imeharibika, kwa sababu mshale wa kwanza haubadilishi ukubwa, bali huchagua ukingo. Ukibonyeza wa kulia, umeushika ukingo wa kulia. Kuanzia hapo mshale wa kushoto huusogeza ndani na dirisha likawa jembamba, na wa kulia huutoa nje. Ukiongeza wa chini, umeishika kona, na unaweza kubadili upana na kimo bila kuanza upya. Ukiridhika, bonyeza Enter. Ukikosea, Esc hulirudisha dirisha lilivyokuwa.

Barua ikiisha na ukitaka jedwali lijaze skrini tena, rudi kwenye menyu ileile na ubonyeze X, yaani Maximize (kuza kabisa).