Maswali ya Wasomaji: Jiko la Presha la Umeme Katika Mapishi ya Kila Siku

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jiko la presha la umeme, ambalo wengi hulijua kwa jina la presha kuka. Nimechagua tano ambazo, zikijibiwa, zitakuwa zimegusa karibu yote yaliyoulizwa na wengine.

SWALI: Shikamoo mshauri. Sisi ni familia ya watu watano. Dukani tumeonyeshwa jiko la lita 3, la lita 6 na la lita 8, na muuzaji anatusihi tuchukue lile kubwa lenye vitufe kumi na vinne. Tuchague lipi?

JIBU: Marahaba. Kabla ya kuhesabu vitufe, tazameni ujazo, na mjue kwamba namba iliyoandikwa kwenye boksi si kiasi cha chakula mtakachopika. Jiko la presha halijazwi mpaka juu, kwa kuwa mvuke unahitaji nafasi yake: chakula pamoja na maji yake kisizidi theluthi mbili za sufuria ya ndani, na kikiwa ni chakula kinachovimba au kutoa povu, kama vile maharagwe, dengu na mchele, kisizidi nusu. Kwa hesabu hiyo, jiko la lita 6 hupika lita 4 za mchuzi, lakini lita 3 tu za maharagwe na maji yake. Kwa watu watano kiasi hicho kinatosha. La lita 3 linawafaa watu wawili. La lita 8 ni la mtu anayepika kwa wingi mara kwa mara. Asiyefanya hivyo atalipata zito, la kuchelewa kupata presha, na lenye kudai maji mengi hata anapopika kidogo, kiasi kwamba alitaka rojo akapata supu.

Kuhusu vitufe, vingi kati ya hivyo havifanyi kazi tofauti na vingine. Kitufe kilichoandikwa jina la chakula ni dakika zilizopangwa kiwandani, na kiwanda hakijui maharagwe yenu yamekaa ghalani muda gani wala vipande vyenu vya nyama vina unene gani. Mimi ningetafuta viwili tu: kinachowaruhusu kupanga dakika wenyewe, na kile cha kukaangia mfuniko ukiwa wazi, ili vitunguu vikaangwe katika sufuria ile ile bila kuchafua nyingine.

Halafu igeuzeni sufuria ya ndani mkaitazame vizuri. Ya chuma kisichoshika kutu huvumilia mwiko wa chuma na kusuguliwa, ingawa chakula hunata kwa urahisi zaidi. Yenye rangi ya kuzuia kunata huosheka upesi, ila rangi ikishachubuka sufuria hiyo imekwisha kazi. Mwulizeni muuzaji pia kama sufuria ya ndani na mpira wa mfuniko huuzwa peke yake. Nalitilia mkazo swali hili kuliko yote, kwa sababu mpira ndio unaochakaa kwanza, na jiko zima lisilopatikana mpira wake hubaki pambo. Mwisho, jiko la lita 6 kwa kawaida hutumia wati 1000 hivi, na la lita 8 karibu wati 1200. Lichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani iliyo imara, wala si kwenye waya mwembamba wa kurefushia unaogawana birika na pasi.

SWALI: Kijitabu cha jiko langu kinasema maharagwe makavu yanahitaji dakika 30. Nilipopika, ilipita saa moja na dakika kumi kabla sijafungua mfuniko. Je, nimeuziwa jiko bovu?

JIBU: Jiko lako ni zima, kijitabu ndicho kilichosema nusu ya habari. Zile dakika 30 huanza kuhesabiwa presha ikishatimia, na kabla yake kuna muda wa kuchemsha, kisha baada yake kuna muda wa kupoa. Lita 3 za maharagwe na maji baridi katika jiko la wati 1000 huhitaji dakika 20 hivi ili kufikia presha, na mvuke ukiachwa utulie wenyewe, ni dakika nyingine 20. Jumla ni hiyo hiyo uliyoipata. Ukianza na maji ya moto kutoka kwenye birika, sehemu ya kwanza hupungua sana.

Inafaa kujua kinachotokea humo ndani, maana ukishakielewa hutahitaji kijitabu kwa kila chakula. Katika sufuria ya kawaida, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi na hayapandi zaidi, hata ukiongeza moto namna gani. Moto wa ziada huyageuza kuwa mvuke tu. Mvuke ukizuiwa usitoke, presha hupanda, na maji nayo yakaweza kupata joto zaidi kabla ya kuchemka. Majiko mengi ya umeme hufika kati ya nyuzi 115 na 118. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayolainisha punje ngumu na mishipa ya nyama kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Denis Papin, Mfaransa, alionyesha chombo cha namna hii huko London mwaka 1679, na ni yeye pia aliyebuni vali ya usalama.

Anayeishi mahali pa juu hunufaika zaidi, kwani kwa kila mita 300 za mwinuko maji huchemka kwenye joto pungufu kwa takriban nyuzi moja, na ndiyo sababu maharagwe ya milimani hugoma kuiva katika sufuria ya wazi. Huko hata jiko la presha huongezewa muda: kuanzia mita 600, zidisha kama asilimia 5 kwa kila mita 300.

Kwa maharagwe yenyewe, yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, na mara nyingi dakika 10 hadi 15 za presha zitatosha. Yaliyokaa muda mrefu huchelewa, na mengine hayalainiki kabisa. Nyanya, ndimu na kitu chochote kichachu kisubiri mpaka yaive, kwa kuwa uchachu huyafanya maganda yabaki magumu. Na hapa naomba unisikilize kwa makini: maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na sumu hiyo huondolewa kwa mchemko kamili. Jiko lako likiwa na kitufe cha kupika polepole kwa joto la chini, usikitumie kwa maharagwe mekundu ambayo hayajachemshwa kwanza, maana joto hafifu haliiondoi na linaweza kuizidisha.

Sitakuambia, basi, kwamba jiko hili huharakisha kila kitu. Mboga za majani na samaki huiva upesi vilevile katika sufuria ya kawaida. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba katika hiyo saa moja na dakika kumi hukusimama jikoni kuongeza maji wala kuchochea moto. Umeme nao hauliwi muda wote: presha ikishatimia, sahani ya joto huwaka na kuzimika kwa zamu, inatosha kulinda joto lililokwisha kupatikana.

SWALI: Kila nikipika nyama ya rojo, jiko linazima katikati na kuonyesha onyo la kuungua, nami nakuta ukoko chini. Nikiongeza maji, rojo linakuwa jepesi mno. Nifanyeje?

JIBU: Tatizo lako ni mpangilio wa viungo zaidi kuliko wingi wa maji. Ukimaliza kukaanga vitunguu na nyama, kuna mabaki yaliyoganda chini ya sufuria. Mimina maji kidogo pangali moto, uyakwangue kwa mwiko wa mti mpaka chini pawe safi. Mabaki hayo ndiyo utamu wa mchuzi, na yakiachwa chini ndiyo yanayoungua. Nyanya ya kopo iwekwe juu kabisa bila kukorogwa, kwa kuwa ni nzito na hushuka kuganda chini. Unga wa kuongezea uzito, maziwa na vitu vya namna hiyo visiingie kabla ya presha kutoka. Ukishafungua mfuniko, viweke, washa kitufe cha kukaangia, na uchemshe dakika chache huku ukikoroga. Hapo ndipo rojo linapopata uzito.

Kiasi cha chini cha maji kwa majiko mengi ya lita 6 ni kikombe kimoja, yaani mililita 250 hivi, lakini fuata kilichoandikwa kwa jiko lako. Zingatia kwamba mvuke hautoki, na nyama yenyewe hutoa maji, hivyo mapishi uliyozoea yapunguziwe maji. Wali, kwa mfano, kikombe cha mchele kwa kikombe cha maji hutosha. Chagua pia nyama yenye kano na mifupa, ambayo kwa dakika 30 au 35 hulainika na kuupa mchuzi unene wake wa asili. Mnofu mtupu hukauka na kuwa nyuzinyuzi. Kumbuka kuwa kinachoamua dakika ni unene wa kipande. Ukizidisha kilo maradufu kwa vipande vilevile, dakika za presha hazibadiliki. Muda wa kuchemsha ndio unaorefuka.

SWALI: Mama mkwe wangu ananikataza kulitumia jiko la presha watoto wakiwa nyumbani, akihofia litalipuka. Nimjibu nini kwa heshima? Na je, jiko hili laweza kutumika kuhifadhi vyakula kwenye chupa?

JIBU: Mwambie kwamba hofu yake ina msingi, kisha umwonyeshe. Mfunikie jiko lenye maji matupu, vikombe viwili vinatosha, akae pembeni atazame: presha ikipanda, kipini kidogo kwenye mfuniko huinuka na kuufunga, na mfuniko haufunguki mpaka kishuke. Joto likizidi, jiko hujizima. Presha ikizidi, vali huiachia.

Hata hivyo kinga hizo hufanya kazi njia ya mvuke ikiwa wazi. Kabla ya kila pishi, angalia kama tundu la vali halijazibwa na punje au povu lililokauka, na kama mpira umekaa sawasawa kwenye mzingo wake. Usilazimishe mfuniko unaogoma, usifunike vali kwa kitambaa, na usikaangie mafuta mengi humo mfuniko ukiwa umefungwa. Ajali ninayoihofia zaidi kwa watoto ni ya kuunguzwa na mvuke. Unapoachia presha kwa mkono, geuza vali kwa mwiko mrefu, uso na mikono vikiwa mbali, na jiko lisiwe chini ya kabati wala ukingoni mwa meza. Kwa supu, nafaka na maharagwe, usiiachie kwa ghafla kabisa, maana povu hupanda na kutoka pamoja na mvuke. Subiri kipini kishuke chenyewe. Umeme ukikatika katikati, presha bado imo, kwa hiyo kanuni ni ile ile.

Jambo moja zaidi kwa kuwa umetaja pia kuhifadhi vyakula kwenye chupa: majiko ya kawaida ya nyumbani ya aina hii hayafai kwa kazi hiyo, kwani kuua vijidudu sugu vinavyoweza kubaki ndani ya chupa iliyofungwa kunahitaji joto lililothibitishwa, nayo hayakuundwa kwa hilo.

SWALI: Uji wangu wa asubuhi unanukia mchuzi wa jana ingawa sufuria nimeiosha. Harufu inatoka wapi?

JIBU: Inatoka kwenye mpira wa mfuniko, ambao hunyonya harufu. Uvue kila baada ya kupika, uuoshe kwa sabuni na maji ya moto, na uuache ukauke nje ya mfuniko, ambao nao usifungwe jiko likiwa limepumzika. Harufu iliyokwisha kuzama haiondoki yote, hivyo ni heri kuwa na mipira miwili, mmoja wa vyakula vya viungo na mmoja wa uji na vitamu, na kuibadilisha kila baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, au mapema zaidi ukiuona umelegea, umepasuka, au mvuke unavuja pembeni mwa mfuniko.