Wazee wanasema wameridhika, lakini ukumbi uko mtupu: nitafiti vipi?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, mratibu wa shughuli katika makazi ya wazee yenye wakazi 84 huko Massachusetts, Marekani. Tuligawa dodoso, na karibu wote waliolijibu walisema wameridhika na shughuli tunazoandaa, lakini wanaohudhuria ni wale wale kumi na wawili. Meneja anataka nifanye utafiti wa watumiaji kabla ya kupanga ratiba mpya, na anasema kuhoji watu watano kunatosha. Je, ni kweli? Na niwaulize nini? – N.

JIBU: Dada N., nianze na hao watu watano, kwa kuwa hilo ndilo jepesi. Kanuni hiyo ilienezwa na Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, mwaka 2000, nayo ilihusu kutafuta kasoro za tovuti: watumiaji wanaofanana hupewa kazi ile ile, na watano wa mwanzo huwa wameshajikwaa kwenye visiki vingi vilivyomo. Wazee wako 84 hawafanani. Wapo wanaohudhuria kila siku, wapo waliokuwa wakihudhuria wakaacha, na wapo ambao hawajakanyaga ukumbini tangu walipohamia. Ningehoji watatu wa kundi la kwanza, sita au saba wa kundi la pili, na wanne wa kundi la tatu. Kundi la pili nimelipa uzito kwa makusudi, kwa sababu aliyeacha jambo anaweza kukusimulia siku aliyoacha na kilichotokea siku hiyo, ilhali ambaye hajawahi kuja mara nyingi hukupa makisio tu.

Dodoso lenu halikusema uongo. Lilikatisha mazungumzo mapema mno. Wewe na mimi tumekulia katika lugha ambayo ukimwuliza mtu habari za nyumbani atakujibu "nzuri" hata kama ametoka hospitali usiku huo huo, kisha baada ya pumzi moja ataongeza, "ila mtoto amelazwa." "Nzuri" ni adabu, na habari yenyewe imo baada ya "ila". Mzee wa Massachusetts naye ana adabu zake, na kwake zimechanganyika na hofu ndogo asiyoitaja, kwani karatasi inakusanywa na watu wale wale wanaomwogesha, wanaomletea dawa na wanaoitika anapobonyeza kengele saa nane usiku. Atawaambia nini zaidi ya kwamba ameridhika?

Kwa hiyo usimwulize anapenda nini, wala kama ameridhika. Mwombe akusimulie siku ya jana tangu alipoamka hadi alipozima taa, nawe umfuatilie kwa maswali madogo: ulikuwa umeketi wapi, nani alikuwapo, ni wapi ulitaka kwenda ukaghairi.

Katika nyumba moja niliyowahi kuifanyia kazi alikuwapo bibi wa miaka 87, mwalimu mstaafu wa muziki, ambaye faili lake lilisema "hapendi kujumuika" kwa sababu hakuwahi kuhudhuria onyesho la piano la kila Alhamisi alasiri. Alipotusimulia Alhamisi yake tulijua kwamba hunywa dawa ya kupunguza maji mwilini baada ya chakula cha mchana, kwamba choo cha ukumbini kiko ng'ambo ya lifti, na kwamba viti hupangwa safu kwa safu, hivi kwamba anayetaka kutoka na kigari chake cha kutembelea lazima awainue watu sita. Siku za piano alikuwa akiacha mlango wa chumba wazi na kusikiliza akiwa ameketi kitandani. Tuliweka viti viwili kando ya mlango wa ukumbi, tukasogeza onyesho hadi saa nne na nusu asubuhi, naye akaja. Hakuna dodoso lililokuwa na kisanduku cha kuweka habari kama hiyo.

Kipo, hata hivyo, kisanduku kimoja cha kuazima. Nyumba za uuguzi za Marekani zinazolipwa na Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali, hutumia fomu ya tathmini iitwayo MDS 3.0, iliyoanza kutumika Oktoba 2010, ambayo Sehemu F yake humwuliza mkazi uzito anaoupa muziki, wanyama, habari, kuwa pamoja na wengine, kutoka nje kupunga hewa, ibada na kadhalika. Majibu manne yanateremka kutoka "muhimu sana" hadi "si muhimu kabisa". La tano ndilo ninalolitaka: ni muhimu, lakini siwezi au sina hiari. Kama yenu si nyumba ya uuguzi, fomu hiyo haiwahusu, lakini hakuna anayekukataza kuazima jibu hilo la tano na kuuliza papo hapo kinachomzuia ni nini.

Kabla ya mahojiano yoyote, tumia siku mbili kutazama tu. Keti mahali panapopitwa na watu, na kila baada ya dakika 15 andika, bila majina, wangapi wako wapi na wanafanya nini. Niliwahi kukuta shughuli iliyojaa kuliko zote jengoni haimo kwenye ratiba: kusubiri posta. Kuanzia saa nne watu tisa au kumi walikuwa karibu na visanduku vya barua, ingawa walijua vyema kwamba mleta barua hupita saa tano, wakibishana juu ya Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, na kuulizana habari za wajukuu. Orodha ya mahudhurio iliwahesabu kuwa hawakushiriki chochote.

Mahojiano usiyafanye wewe mwenyewe, kwa sababu hakuna mzee atakayekusema mbele yako. Mtafute mwanafunzi wa ustawi wa jamii, au mwenzako wa jengo jingine. Aketi usawa wa macho ya mzee, televisheni izimwe, mwanga umwangaze mhojaji usoni ili asiyesikia vizuri asome midomo, na asipitishe nusu saa. Kwa aliyepoteza kumbukumbu, kibali cha msimamizi wake wa kisheria hakitoshi. Yeye mwenyewe akigeuza uso, mazungumzo yameisha. Majibu ya watoto wake yaandikwe kando, yasishike nafasi ya yake.

Huyo mwanafunzi aseme tangu siku ya kwanza atakuja mara ngapi na lini atakoma. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Richard Schulz alichapisha utafiti ambao wanafunzi waliwatembelea wazee, na wazee waliojua au kuamua wenyewe lini mgeni atakuja walinufaika kuliko waliotembelewa bila taarifa. Ufuatiliaji wake na Barbara Hanusa, wa mwaka 1978, ulikuta kwamba baada ya ziara kukoma, hao hao walionufaika ndio walioporomoka.

Mwaka huo huo wa 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walitoa matokeo ya nyumba moja ya Connecticut, ambako wakazi wa ghorofa moja waliambiwa mambo yao yako mikononi mwao, wakachagua mmea wa kuutunza na usiku wa kutazama filamu, huku wa ghorofa nyingine wakipewa mmea uliotunzwa na wauguzi. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi. Ndiyo maana ratiba mpya isiwe jambo lako la kwanza. Chukua shughuli moja iliyopo, waachie wakazi saa, viti na mahali, kisha kwa wiki nne uhesabu ni wangapi kati ya wale 72 wasiokuja wameonekana, na wamekaa dakika ngapi.

Matokeo yapeleke kwa baraza la wakazi kabla hayajafika kwa meneja, yakiwa yamechapwa kwa herufi za pointi 16 au zaidi, na uache nafasi pana pembezoni mwa kila ukurasa, maana watasahihisha.