Kutembeza pikipiki ya magurudumu manne kwenye lami, Mambrui hadi Malindi

Ndugu yangu, umeuliza kama pikipiki ya magurudumu manne, ile ya mchangani, yaweza kutoka Mambrui hadi Malindi mjini kwa lami. Bila usajili wa NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, namba na bima ya mtu wa tatu, hairuhusiwi, hata kama leseni unayo. Bima ndiyo inayonitia hofu zaidi: ukimgonga mtu pale daraja la Sabaki, fidia yote ni juu yako. Tena nyingi ya pikipiki hizi, magurudumu ya nyuma yamefungwa pamoja, huzunguka kwa kasi moja. Mchangani yanateleza, hakuna neno. Kwenye lami yanang'ang'ania, na ukikata kona kwa kasi chombo kinapinduka. Tafadhali, ipakie kwenye pikapu.