Unga wa kumetameta wa kupambia keki: "wa kula", "unaolika" au "usio na sumu"?

Msomaji wetu wa Sinza, Dar es Salaam, ambaye hufundisha upambaji wa keki, anaandaa maelezo ya wanafunzi wake kwa Kiswahili na ameuliza mambo mawili: unga wa kumetameta unaowekwa juu ya fondanti, yaani kinyunga laini cha sukari cha kufunikia keki, uitwe "wa kula", "unaolika" au "usio na sumu"; na je, keki hupakwa rangi au hutiwa rangi?

La pili ni jepesi. Kutia ni kuingiza kitu ndani ya kingine, na kupaka ni kukieneza juu ya uso wake. Fondanti iliyokandwa pamoja na rangi ya jeli mpaka michirizi ikaisha imetiwa rangi. Ile ambayo imekwisha kufunika keki, kisha ikapitishwa brashi laini yenye unga mkavu, imepakwa.

La kwanza linataka uangalifu zaidi, kwa sababu linagusa afya ya walaji. Kauli ya kutendeka, "-lika", hueleza hali ya kitu chenyewe: wali ulioungua hauliki, ingawa ulipikwa ili uliwe. "Wa kula" hueleza kusudi, kama tunavyosema mafuta ya kula na maji ya kunywa. Kwa maoni yangu, jina la bidhaa liwe "unga wa kumetameta wa kula", kwa kuwa muundo huo umekwisha kuzoeleka madukani na jikoni, na "unaolika" litumike mwalimu anapofafanua sifa yake. Ni kweli kwamba soli ya kiatu nayo hulika, kwa maana ya kuchakaa, lakini kwenye maelezo ya keki hakuna atakayeelewa hivyo.

"Usio na sumu" lisitumike kabisa kama kisawe cha hayo mawili. Chaki nayo huuzwa kwa maelezo kwamba haina sumu, wala haijawa chakula. Baadhi ya unga wa mapambo huandikwa hivyo bila kukusudiwa kuliwa, na madhara yake yamekwisha kuonekana: mwaka 2018 huko Rhode Island, Marekani, watoto walitapika baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa unga wenye shaba nyingi. Unga wa kula huonyesha viambato vyake kwenye kopo, kama vile sukari, wanga wa mahindi na rangi za chakula. Kopo lisilo na orodha hiyo, hata likiandikwa "hauna sumu", lisiguse keki.

Basi, dada, katika maelezo yako unaweza kuandika hivi: "Tia fondanti rangi ya jeli, uikande mpaka rangi ienee, kisha funika keki. Changanya unga wa kumetameta wa kula na matone machache ya arki ya limau ya kutia chakulani, yenye alkoholi, upake kwa brashi laini. Usitumie maji, kwani huyeyusha sukari na fondanti ikanata."