Jibu: Miche ya pasheni kupukutisha majani chupani

Ndugu, umesema vipande vya pingili za pasheni ulivyootesha kwenye lishe ndani ya chupa (tishu kalcha) vilichipua vizuri, kisha wiki ya 3 majani yakawa manjano na kudondoka, ingawa shina bado bichi na hakuna ukungu. Hiyo ni etilini, gesi inayofanya majani yazeeke na kudondoka. Mmea wenyewe huitoa, na ukishaziba kifuniko na kukizungushia plastiki haina pa kutokea. Pasheni huathirika nayo haraka mno.

Anza na kifuniko: toa hiyo plastiki, tumia chenye kichujio kinachopitisha hewa. Mara nyingi hapo tatizo huisha. Likibaki, ongeza nitrati ya fedha, inayozuia etilini isifanye kazi kwenye mmea, miligramu 2 hivi kwa lita ya lishe. Ichuje kwa kichujio cha mikromita 0.22 na uitie baada ya lishe kutakaswa kwa mvuke wa shinikizo, ikiwa vuguvugu kabla agari (kinachoigandisha lishe) haijaganda. Hamishia vipande kwenye lishe mpya kila wiki 3 au 4. BAP (homoni ya kuchochea machipukizi) miligramu 1 kwa lita inatosha. Ukizidisha utapata kichaka cha machipukizi mafupi yasiyorefuka.

Ila kama mmea mama una virusi, pingili zitavibeba vilevile. Hapo kata ncha ya chipukizi isiyozidi nusu milimita, kisha pima miche kama ina virusi kabla ya kuizidisha.